Mamba wa Ghorofa ya Pili

Jumapili, 7 Mei

Barua kutoka kwa Daktari Rushdi, mkuu wa kitivo chetu. Ina mhuri. Barua yenye mhuri haijaniletea heri hata siku moja tangu niajiriwe.

Habari yenyewe: chuo kinachapisha ramani ya wageni. Watu wanamiminika siku hizi, na watoto wao na mikate yao, kutazama mnara wa saa na kupigwa picha mbele ya kuba. Ramani ina nafasi saba. Sita zimeshapata wenyewe. (Mojawapo ni kibanda cha chai cha kitivo cha biashara. Sijui kwa mizengwe gani.) Imebaki moja. Ama wapewe Makumbusho ya Wanyama, yaani mimi, Bayumi Sharabasi, mtunzaji kwa mwaka wa ishirini na mbili. Ama Chumba cha Vyombo vya Kale, yaani Madam Inshirah. Sote tuko ghorofa ya pili, milango inatazamana. Kamati itapita Alhamisi ya tarehe 18 ijionee wageni wanapenda wapi zaidi. Atakayeshindwa, chumba chake kinageuzwa stoo ya viti vya mitihani.

Stoo ya viti! Chumba ambamo baba yangu alinileta nikiwa na miaka saba nimwone Basha, mamba wa mita nne, nikalia, kisha nikakataa kuondoka. Basha yupo palepale hadi leo, mkavu, mdomo wazi. Nampenda yule mamba. Sioni haya kuandika hivyo, hii ni shajara yangu.

Wageni wangu wiki iliyopita: wawili. Mmoja alikuwa anatafuta choo. Wageni wa Inshirah: watano. Watatu ni dada zake. Walikuja na sufuria ya majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, wakala humohumo katikati ya darubini. Wakaniambia karibu. Nikasema asante, nimeshiba, kama inavyotakiwa. Wakasema karibu tena. Nikasema tena nimeshiba. Nilikuwa na njaa ya kufa.

Jumatatu, 8 Mei

Mkakati wa kwanza. Mwepesi na maridadi. Wageni wote wanaingilia lango kuu, na wote wanauliza mnara wa saa uko wapi. Je, wakielekezwa ghorofa ya pili ya Sayansi? Mtu akishamwona Basha, atakumbuka saa ya nini?

Saa tatu asubuhi nikasimama langoni na koti langu la kazi. Ikaja familia kutoka Tanta: baba, mama, bibi na watoto wanne. Baba mtu akauliza. Nikawaelekeza kwa ufasaha wangu wote, kulia, kushoto, ngazi, ghorofa ya pili. Kisha nikakimbia njia ya mkato ili niwapokee.

Saa nne, hawapo. Saa tano, hawapo.

Kilichotokea nimekipata baadaye. Njiani walimwuliza Ami Gharib, mlinzi wetu, kama wako sawa. Ami Gharib yuko chuoni miaka thelathini na hajui jengo lolote isipokuwa lile la mishahara, lakini hajapata katika maisha yake kumwambia mgeni hajui. Kumwambia mgeni hujui, anasema, ni kumfukuza. Akawashika mkono hadi kliniki ya meno ya wanafunzi. Baba mtu akakalishwa kitini na jino lililomsumbua tangu Ramadhani likang'olewa bure. Bibi naye akaona asipitwe. Saa nane walinipita wakiwa na pamba mdomoni, wakanipungia mkono, wakasema kwa taabu kwamba mnara wa saa wa chuo hiki unapendeza kuliko walivyosimuliwa.

Wageni wangu leo: sifuri. Inshirah: watatu. Alikuwa mlangoni anafuma, akaniuliza mbona natoka jasho. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema yamenikubali.

Jumanne, 9 Mei

Nimepata!

Nilikuwa nampangusa Basha vumbi la meno. Nikawaza: kule Aswan watu wanatundika mamba mkavu juu ya mlango kukinga jicho la hasidi. Hilo kila mtu analijua. Na mitihani imebaki siku kumi na moja, na wanafunzi laki na ushei wanatembea roho juu. Mamba anayekinga nyumba atashindwaje kukinga mtihani?

Nikamchagua mtu mmoja tu. Kijana wa sheria aliyeingia kukimbia jua. Nikamnong'oneza kwamba mwaka jana kuna mwanafunzi aliushika mkia wa Basha mara tatu akafaulu somo la kodi. Jina sikulitaja, kwa kuwa mwanafunzi huyo hayupo. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote. Alitoka mbio kabla sijamaliza kumwapisha.

Jumatano, 10 Mei

Foleni! Kutoka kwenye mkia wa Basha, inampita mbuni mwenye jicho moja, inashuka ngazi, inatoka nje mpaka kwenye mitende. Nilihesabu hadi mia mbili na kumi na nne, kisha sauti ikanikauka. Wahandisi wanagusa mara saba. Wa udaktari wanabusu. Binti mmoja wa falsafa alisema haamini upuuzi huu, akagusa kwa kiwiko.

Nikafungua mlango mabawa yote mawili ili Inshirah aone vizuri. Aliona. Akaufunga wa kwake taratibu. Baada ya muda nikasikia kitu kizito kinaburutwa humo ndani.

Sikuupenda mlio ule.

Alhamisi, 11 Mei

Mwanamke huyu ni hatari. Kile kitu kizito ni mashine ya umeme ya zama za mfalme, gurudumu la kioo lenye mpini. Wewe unashika tufe la shaba, yeye anazungusha, nywele zako zote zinasimama wima. Amewatangazia watu kwamba nywele zikisimama, jicho la hasidi linamtoka mtu kupitia utosini. Nikamwambia huo ni ushirikina mtupu, na mahali hapa ni pa elimu. Akaniuliza mkia unaendeleaje.

Leo Alhamisi, siku ya maharusi. Wawili waliokuja kupigwa picha bustanini wakapanda na ngoma yao. Bi harusi akashika tufe. Inshirah akazungusha. Shela ikapaa! Ikasimama hewani pande zote kama mwavuli, na chini yake bi harusi anacheka machozi yanamtoka na wanja unamtiririka. Jengo zima likapiga vigelegele. Nami nikajikuta nimepiga. Nikajiziba mdomo, lakini Inshirah alishanisikia.

Sikukubali. Nikamwahi bwana harusi ngazini, nikamwambia mtu aliyeoa bila kumgusa Basha sijui atazaa vipi. Wakarudi. Bi harusi akaushika mkia kwa moyo wote na gamba moja likabaki mkononi mwake. Nikataka kuzimia. Yeye akalitia kwenye pochi, akasema baraka imemfuata.

Tangu hapo kila mtu anataka gamba. Hadi saa tisa ncha ya mkia ilikuwa na upara.

Ijumaa, 12 Mei

Nyumbani. Mke wangu Tahani amesikiliza kila kitu huku akichambua dengu. Akasema: kwa nini usifagie vizuri, uandike upya vile vibao vilivyofifia, ukawasalimia watu wakiingia? Nikamwambia yeye hajui siasa. Akasema kweli, yeye anajua dengu tu.

Nimenunua gundi ya fundi viatu.

Jumapili, 14 Mei

Gundi imeshika. Magamba niliyoyaokota yamerudi, ingawa si yote yanatazama upande mmoja. Mimi leo: mia tatu na kumi. Inshirah: mia tatu na sita, na nina ushahidi kwamba dada zake wamezunguka mara mbili mbili. Ninaongoza! Siku nne tu. Nimeota ramani. Namba saba ilikuwa na taji.

Jumatatu, 15 Mei

Sijui nianzie wapi.

Saa tano aliingia Haji Shallali. Mtu wa Aswan, mrefu, kanzu nyeupe, kilemba, fimbo, na wapwa wanne wenye mabega. Mjukuu wake anamaliza masomo ya kilimo mwaka huu. Alisimama mbele ya Basha kwa muda mrefu sana hata foleni ikanyamaza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba babu yake alikuwa na mamba juu ya mlango wa nyumba, na mlango na nyumba na kijiji vilizama walipojenga bwawa na kulijaza lile ziwa, naye alikuwa mtoto. Akasema tangu siku ile hajaona mamba mzuri kama huyu.

Sasa mtu akisifu kitu chako unasema nini? Nikasema, "Ni wako, haji." Nani asingesema? Haji akasema Mungu akuzidishie, yuko mahali pake. Nikasema, "Wallahi ni wako, mchukue." Akasema haiwezekani kabisa. Basi, hapo ndipo mwisho wake. Hapo watu hunywa chai, wakaombeana heri, kila mmoja akabaki na mali yake.

Lakini Inshirah alikuwa mlangoni na uzi wake. Akasema, bila kuinua macho, kwamba ukarimu wa Ustadhi Bayumi ni kama chai yake, watu wanaisikia tu, hawajaionja.

Wanafunzi sitini wakacheka. Damu ikanipanda kichwani. Nikapiga kifua nikasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mitende, "Haji, naapa kwa talaka! Mke wangu si mke wangu kama hutoki humu na mamba huyu!"

Hata mbuni alinitazama kwa jicho lake moja.

Haji Shallali akateremsha fimbo. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema binti mmoja, Nermin, ameolewa. Akahema. Akasema hawezi kuivunja nyumba ya mtu kwa sababu ya adabu zake mwenyewe. Kisha akawageukia wapwa: "Haya wanangu, mbebeni. Taratibu na mkia, naona umepakwa gundi."

Basha akatoka kichwa mbele, mdomo wazi, akashuka ngazi alizopandishwa kabla sijazaliwa. Wanafunzi walikuwa wanamgusa njia nzima. Pikapu ilikuwa chini inangoja. Ami Gharib akawafungulia lango na akampigia saluti. Nami nilikuwa napunga mkono. Natabasamu! Napunga mkono!

Tahani alijua kabla sijafika nyumbani. Ami Gharib alikuwa amempigia simu, kwanza kumpa pole, halafu kumpa hongera. Tahani hakupaza sauti. Aliniuliza mamba ana kilo ngapi, maana angependa kujua amepimwa na nini kwenye mizani. Kisha akasema, "Baba Nermin, kesho nenda kamlete huyo mnyama wako. Keshokutwa anza kujifunza kunyamaza."

Nikaapa kwamba sitaapa tena. Akaweka chini kisu alichokuwa akikatia vitunguu, akanitazama tu.

Jumanne, 16 Mei

Kwanza kwa shekhe wa msikiti wa lango la mashariki. Akasema kiapo kimetimia, mke ni wangu, niombe toba, na siku nyingine niweke mkono mdomoni. Na mamba? Mamba ni wa Haji. Zawadi haidaiwi. Lakini Haji akinipa kwa hiari yake mwenyewe, hapo hakuna ubaya.

Akinipa kwa hiari yake! Nikaona mwanga. Jambo jepesi mno. Nitakwenda, nitamsifu Basha, Haji atasema ni wako, nitasema asante. Neno moja.

Haji amefikia kwa jamaa zake mtaa wa Imbaba. Basha yuko barazani, watoto wamemvisha kilemba na kumtia tango mdomoni. Anaonekana ana raha, jambo lililoniumiza. Nikaletewa maharage, mayai, jibini, mkate ulioumuliwa juani na chai nyeusi kama wino. Nikala, nikanywa, nikakohoa. Nikasema, "Haji, mamba mzuri sana huyu."

"Ni wako, ustadhi."

Nikafungua mdomo. Nikasema: "Mungu akuzidishie, haji. Yuko mahali pake."

Si mimi niliyesema! Mdomo ndio uliosema, mimi nilikuwa nyuma yake nausikiliza. Haji akasema mchukue. Nikasema haiwezekani kabisa. Akasema wallahi mchukue. Nikaweka mkono kifuani nikasema naona haya, haji, hata usiendelee. Mara tatu, nimehesabu. Kisha nikasubiri ya nne. Nikasubiri kiapo. Nilimtazama machoni kama mbwa atazamavyo bucha.

Haji akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Akasema muungwana kama mimi hafai kusumbuliwa. Akanimiminia chai nyingine.

Nimetembea kwa miguu mpaka darajani nikiongea peke yangu.

Jumatano, 17 Mei

Kesho kamati. Jukwaa la Basha ni tupu, lina alama ya vumbi yenye umbo lake. Nilikaa pale nikalia kidogo. Kisha nikaona muuza mayai anapita chini ya dirisha.

Trei za mayai! Zile za karatasi ngumu, vinundu vinundu, mgongo mtupu wa mamba! Nimechukua arobaini. Godoro kuukuu kwa mwili. Zulia lililokunjwa kwa mkia. Vitunguu saumu kwa meno. Vizibo vya soda kwa macho. Rangi ya mafuta ya kijani, iliyobaki walipopaka milango ya kitivo. Nimefanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri na nywele zangu ni za kijani.

Inshirah akaja akasimama. Akauliza kama ni kochi.

Nikasema ni Basha wa Pili.

Akaondoka. Akarudi na vioo viwili vya duara, vya manjano, kutoka kwenye darubini mbovu. Akang'oa vizibo vyangu, akavibandika vioo mahali pake. Basha wa Pili akapata uso. Nikamwuliza kwa nini. Akasema anataka kunishinda, lakini si kwa kumpiga mtu aliyeanguka. Akaongeza kwamba ile kauli yake ya chai Jumatatu ilipita kiasi kidogo. Simwelewi mwanamke huyu.

Rangi, kopo linasema, inakauka baada ya siku tatu. Kamati ni kesho saa sita.

Alhamisi, 18 Mei

Haijakauka.

Mitihani inaanza Jumamosi, kwa hiyo foleni ilikuwepo kabla sijafika. Wa kwanza alikuwa yuleyule kijana wa sheria. Akaushika mkia, akatazama kiganja chake. Kijani kitupu. Roho ikanitoka. Nikaanza kutunga udhuru, kitu kuhusu unyevu wa mto Nile.

Kijana akainua kiganja juu akapiga ukelele: imemshika! Tangu lini Basha anamwachia mtu alama? Amekubaliwa!

Jamani. Kila mtu akataka kukubaliwa. Walisukumana hadi mbuni akaanguka. Kufikia saa tano chuo kizima kilikuwa na viganja vya kijani: kwenye vitasa vya maktaba, kwenye madaftari, kwenye mashavu ya wachumba, na mnara wa saa kuuzunguka wote, hadi pale mkono wa mtu mrefu unapofika. Wageni waliokuja kutazama mnara wakauliza kijani kile kinapatikana wapi. Wakamwuliza nani? Ami Gharib. Naye, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, akawaelekeza sawasawa, kwa sababu alichofanya ni kuwaambia wafuate viganja.

Kamati nayo ikafuata viganja. Daktari Rushdi na watu wanne wenye mafaili walipanda ngazi kwa kubanwa kama dagaa. Kwa Inshirah nako kulikuwa na watu, nywele juu, viganja vya kijani kwenye tufe lake la shaba, lakini foleni yake ilikuwa mkia wa foleni yangu. Daktari Rushdi alimzunguka Basha wa Pili mara mbili. Akasema amenenepa. Kisha, akidhani hakuna anayemwona, akamgusa kwa kidole kimoja. Ana mtoto kidato cha mwisho.

Akatangaza palepale: nafasi ya saba, Makumbusho ya Wanyama!

Nikamkumbatia Ami Gharib. Nikamkumbatia mbuni. Nikaona Inshirah anatia uzi wake mfukoni, polepole, na anazitazama darubini zake moja moja. Moyo ukaniuma. Nasema kweli, uliniuma.

Ningeishia hapo, leo ingekuwa siku bora ya maisha yangu. Lakini Daktari Rushdi akaenda dirishani. Upande ule upepo unaingia kutoka mtoni, na unaiona mitende yote na kuba. Akavuta pumzi, akafumba macho. Akasema chumba kizuri, kina hewa, si kama ofisi yake iliyo juu ya jiko la mkahawa, inayonuka vitunguu tangu Septemba.

Nikasema, "Ni chako, daktari."

Akasema la, la, Ustadhi Bayumi, Mungu akuzidishie. Inshirah akageuka ghafla, akanikodolea macho, akatikisa kichwa. Ami Gharib akanikanyaga mguu. Nikasema wallahi ni chako. Daktari akasema haiwezekani. Watu wanne wenye mafaili wananitazama, ngazi nzima inanitazama, na mimi ni mshindi, kichwa kimevimba, naelea. Mshindi anaweza kuonekana mchoyo?

Nikaapa. Kiapo kilekile.

Daktari Rushdi ni mtu wa familia. Akasema kwa huzuni kwamba hawezi kuivunja nyumba ya mtu. Huku akipima kwa macho mahali pa kuweka meza.

Jumapili, 21 Mei

Ramani imetoka. Nzuri, ya rangi. Namba saba, Makumbusho ya Wanyama, ina mshale mwekundu unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Daktari Rushdi. Leo asubuhi amepokea wageni kumi na wanane waliotaka kumshika mkia.

Basha wa Pili, mbuni, fuvu la kiboko na mimi tumehamia kwa Inshirah. Kwa kuwa ramani imeshachapishwa na namba saba lazima iwe na mahali pa kukaa, kamati haikuweza kumnyang'anya chumba. Kwa hiyo chumba chake kimepona, na viti vya mitihani viko koridoni. Amepiga mstari wa chaki katikati. Kushoto kwangu, kulia kwake. Alicheka nusu saa nzima, akaniambia Mungu auzidishie afya ulimi wangu, maana umemwokoa kuliko kamati. Kisha akaleta majani ya mzabibu. Nikasema nimeshiba. Akaniwekea sahani hata hivyo, na hakusema karibu. Nikala kumi na moja.

Tahani hazungumzi nami tangu Alhamisi isipokuwa kwa kumpigia Nermin simu ili Nermin anipigie mimi. Lakini asubuhi nimekuta karatasi kwenye mfuko wa koti, kwa mwandiko wake: MTU AKISIFU KITU, SEMA ASANTE. NYAMAZA HAPO. Nimeisoma kila saa. Nimebadilika. Nahisi kabisa nimebadilika.

Haji Shallali amenitumia picha. Basha juu ya mlango wa buluu, Aswan, mdomo wazi, na chini yake Haji amesimama kama mtoto siku ya Idi. Nilitokwa na machozi. Nikampangusa mbuni.

Saa sita akaja mgeni kutoka Damietta, fundi samani, mtu wa heshima, na mafundi wake watatu. Inshirah alimzungushia mashine. Nywele zake zikasimama, masharubu yakasimama, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Inshirah akaenda kuchemsha maji ya chai. Tukabaki sisi. Fundi akaizunguka ile mashine, akaipapasa mbao zake, akasema katika maisha yake hajaona kitu kizuri kama hiki.

Nikatia mkono mfukoni. Nikatoa karatasi. Nikaisoma yote, herufi kubwa, wazi kabisa. ASANTE.

Nikamwambia ni yake.

Alikataa mara mbili, ana adabu sana mtu yule. Kisha akanyamaza, ananitazama, na nikaona anaanza kufikiri kwamba watu wa chuo hiki ni wa maneno matupu. Ningemwachaje mgeni aondoke na fikra kama hiyo?

Naandika haraka. Mafundi wako ngazini wanaishusha, tufe la shaba limetangulia. Inshirah bado yuko kwenye birika, namsikia anaimba. Nimeshamtuma Ami Gharib amkimbilie muuza mayai.